Ugali wa Sungura Ni Nyasi: Hotuba kwa Wafugaji wa Sungura wa Nyumbani, Tanga

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, mliotoka Pongwe na Amboni, na nyinyi watoto mlioketi mbele hapa na visanduku vyenu: Assalaam alaykum. Hamjambo nyote.

Tumeombwa tuzungumzie mboga za sungura. Tutaanza na neno lenyewe, maana Kiswahili kimeshatusaidia nusu ya kazi. Mtu akikuuliza leo mmepika mboga gani, anajua kwamba ugali au wali upo. Anauliza cha kutowelea. Hakuna nyumba hapa Tanga inayopakua sinia la mchicha mtupu ikasema hicho ndicho chakula cha mchana. Sungura naye ni vivyo hivyo. Ugali wake ni nyasi, na mboga kwake ni mboga kama ilivyo kwetu.

Wengi mnajihadhari na majani yenye sumu, na ni sawa kujihadhari, tutayataja. Lakini kinachowasumbua zaidi sungura wa majumbani ni majani mazuri kabisa, yaliyotolewa mengi mno, au ghafla, au yakiwa yameshaanza kuchacha. Ndiyo maana tunaomba tuingie kwanza tumboni kabla ya kwenda sokoni.

Sungura si mbuzi. Mbuzi ana tumbo lenye vyumba vinne, huchachusha majani mbele, akacheua, akatafuna upya. Sungura ana tumbo moja dogo, na kazi ya kuchachusha hufanyika huku nyuma, kwenye mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Mfuko huo peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia ya chakula. Humo wanaishi bakteria wanaokula nyuzinyuzi laini. Nyuzi ndefu na ngumu haziingii humo. Husukumwa moja kwa moja nje zikawa zile gololi kavu mnazozifagia asubuhi, na msukumo wake ndio unaoufanya utumbo mzima utembee. Chembe ndogo hurudishwa mfukoni, zikachachushwa, kisha baada ya saa kadhaa hutoka zikiwa kichala cha vibonge laini, vyeusi, vyenye kung'aa, mfano wa tunda la forosadi. Sungura huinama akavila vibonge hivyo vinapotoka tu. Morot, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliliandika jambo hili mwaka 1882. Msimkemee wala msimzuie: humo mna protini na vitamini za kundi B ambazo hakuzipata safari ya kwanza.

Kutokana na tumbo hilo, shikeni haya. Sungura hawezi kutapika; kilichoingia kimeingia, na kitatoka kwa njia moja tu. Bakteria wake wamezoea chakula kilekile cha kila siku, na sukari au wanga ukiwashukia kwa wingi, wale waharibifu huzaana haraka, wakatoa gesi na sumu. Na meno yake hayaachi kuota maisha yake yote: yale ya mbele ya juu huongezeka kama milimita 2 kila wiki, na magego nayo hayako nyuma. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, taya likienda upande kwa upande mara nyingi. Karoti, kwa ugumu wake wote, haifanyi kazi hiyo. Anaikata, anaitafuna kidogo, anameza.

Kwa hiyo nyasi ziwepo mchana na usiku, wala msimpimie. Mkitaka kipimo cha chini, ni lundo lenye ukubwa wa sungura mwenyewe, kila siku. Ukoka unafaa sana na upo karibu kila mahali. Mabingobingo yanafaa yakiwa machanga, yamekatwa urefu wa shubiri. Shina lililokomaa atakuachia. Majani ya mgomba anayapenda, na majani ya mforosadi ni mazuri kupita kiasi, kwa hiyo hayo yahesabiwe upande wa mboga, si upande wa nyasi. Huku kwetu tuna bahati moja: Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na wafugaji wake wanajua kukausha nyasi. Robota moja la hei, yaani nyasi zilizokaushwa, unaloweza kununua kwa mfugaji wa ng'ombe humtosha sungura mmoja kwa muda mrefu, mradi uliweke juu ya mbao, mbali na sakafu na panya.

Ukitaka kukausha mwenyewe, kata asubuhi umande ukishakauka, wakati nyasi zinaanza kutoa masuke. Tandaza juu ya mkeka mkuukuu au turubai, unene usizidi upana wa kiganja, penye upepo. Geuza mara 3 kwa siku. Jua likiwa zuri, siku 2 au 3 zinatosha. Chukua konzi, ikunje: ikivunjika kwa mlio na bado ina rangi ya kijani, imekauka. Ikijikunja kama kamba, bado ina maji, na ukiifungasha hivyo itaota ukungu ndani ambao huuoni kwa nje. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, msijidanganye na jua la saa mbili. Anikeni chini ya bati, juu ya uchaga, au nunueni robota mapema, mwezi wa Februari. Nyasi yenye ukungu haipunguzwi wala haioshwi, inatupwa yote.

Sasa kipimo cha mboga. Mpime kwanza sungura wako. Mtie kwenye kikapu, nenda dukani kwenye mizani, kisha toa uzito wa kikapu. Kwa kila kilo 1 ya mwili wake, mpe kikombe 1 cha majani kwa siku. Kikombe tunachokusudia ni cha mililita 250, majani yakiwa yamekatwa na kujazwa bila kushindiliwa. Basi sungura wa kilo 2 atapata vikombe 2: kimoja saa 1 asubuhi, kingine jioni karibu na magharibi. Hizo ndizo nyakati ambazo mwili wake unataka kula. Mchana wa joto la Tanga sungura hujinyoosha kivulini, hali sana, na majani uliyomwekea saa 6 yatakuwa yamenyauka na kupata harufu kabla hajayagusa.

Mizizi na mboga za tunda, yaani karoti, tango, boga, pilipili hoho, hesabu yake ni kijiko 1 cha chakula kwa kila kilo ya mwili, na isizidi mara 3 kwa wiki. Matunda, iwe embe, ndizi, papai au chungwa la Muheza, ni kijiko 1 cha chai kwa kilo, mara 1 au 2 kwa wiki. Tunajua watoto watasikitika kusikia hivi kuhusu karoti. Picha za vitabuni zinamwonyesha sungura amekumbatia karoti nzima, lakini ule mzizi ni ghala la sukari la mmea. Mpeni majani yake. Hayo ndiyo anayostahili, na wauzaji wengi huyakata na kuyatupa, kwa hiyo ukiomba utapewa bure. Peleti za dukani, yaani chakula cha sungura kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo, kwa anayezipata, ni gramu 25 kwa kila kilo kwa siku. Sungura mzima anayekula nyasi vizuri anaweza kuishi bila peleti.

Na mboga yoyote mpya iingie kwa hatua. Tunarudia, kwa sababu hapa ndipo penye makosa mengi: mboga moja kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza mpe jani moja lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, jioni, kisha asubuhi uangalie kinyesi. Kikiwa kikavu, cha mviringo, ukubwa wa njegere, siku ya pili mpe majani mawili. Siku ya tatu robo kikombe. Kaa hapo siku 3 nyingine kabla ya kufikia nusu kikombe. Baada ya wiki moja mboga hiyo imeingia kwenye orodha yake, na unaweza kuanza nyingine. Ukianzisha mchicha, kotmiri na figili siku moja, halafu akaharisha, hutajua ni ipi iliyomdhuru, na utalazimika kuzisimamisha zote.

Watoto wa sungura wasipewe mboga hadi wafikishe wiki 12. Kuanzia wanapoachishwa ziwa, tumbo lao ndio kwanza linajipanga, na kuharisha kwa umri huo huua haraka. Walishwe nyasi na maji. Vivyo hivyo sungura uliyemnunua leo, hata akiwa mkubwa: wiki ya kwanza mlishe kile alichokuwa akilishwa na muuzaji. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: anakula nini, kiasi gani, saa ngapi.

Twende sasa sokoni.

Matembele ndiyo mboga tunayoipendekeza kuliko nyingine zote kwa mji huu. Hayana bei, yapo mwaka mzima, yanaota hata pembeni ya bomba, na sungura huyala pamoja na mashina yake laini. Ukiwa na futi chache za ardhi yenye unyevu nyuma ya nyumba, panda marando, na baada ya wiki 6 hivi utakuwa na mboga ambayo unajua haijapuliziwa dawa. Karibu nayo tunaweka kotmiri, mnanaa, mrehani, majani ya karoti, majani ya figili na majani machanga ya maboga. Mchunga na kishona nguo, magugu ambayo watu huyang'oa na kuyatupa, ni chakula kizuri, mradi yametoka mahali safi. Seleri inayoshuka kutoka Lushoto anaipenda, ila katakata mashina yake vipande vifupi, maana nyuzi zake ndefu humkwama.

Mchicha na spinachi ni jambo jingine. Zina lishe, lakini zina oksalati kwa wingi, tindikali inayojibana na kalisi, yale madini ya mifupa na meno. Msizikataze, zizungusheni: kati ya mboga tatu zilizo kwenye sahani, iwe moja tu ya aina hii, na isiwe ileile kila siku. Mlonge nao una sifa nyingi za kweli, ila una kalisi na protini nyingi mno kwa sungura asiyezaa wala kunyonyesha. Kijitawi kimoja cha urefu wa kiganja, mara 2 kwa wiki, kinamtosha. Mwili wa sungura hufyonza sehemu kubwa ya kalisi inayopita tumboni, kisha figo huitoa ile ya ziada kwenye mkojo. Ndiyo sababu mkojo wake huwa na weupe kama maji ya chokaa, na hilo ni kawaida. Ukiona umekuwa mzito kama uji, au anajikaza na kulia anapokojoa, kalisi imezidi na kibofu kinaumia. Mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu wa matofali mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Damu halisi huonekana kama matone au michirizi.

Kabichi, sukuma wiki, chainizi na brokoli ni za familia moja. Kidogo hazidhuru, nyingi huleta gesi, na sungura hana njia nyepesi ya kuitoa gesi hiyo. Kuna jambo la ziada kuhusu kabichi ambalo watu wachache wanalijua. Mwaka 1928 huko Baltimore, Marekani, Alan Chesney na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliandika kuhusu sungura wa maabara waliokuwa wakilishwa hasa kabichi, siku baada ya siku, wakavimba tezi ya shingo. Wanasayansi walianza kuzielewa kemikali za kabichi zinazoizuia tezi kufanya kazi kwa kupitia sungura hao. Kwa hiyo jani moja la nje, lile la kijani kibichi, mara 2 kwa wiki. Moyo mweupe wa kabichi upikwe kwa ajili yenu. Saladi, ile ya majani yaliyofumbata kama mpira, ni maji tu yenye rangi. Ile ya majani yaliyotawanyika, ya kijani iliyokolea, ina faida kidogo.

Sasa yale ya kuacha kabisa, na hapa tunaomba utulivu.

Kisamvu. Kila mama aliyepo hapa anajua kwamba kisamvu hutwangwa kikachemshwa muda mrefu. Mababu hawakufanya hivyo kwa ajili ya ulaini peke yake. Jani bichi la muhogo likipondwa hutoa sayanaidi, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoifukuza. Sungura hula mabichi, na meno yake ndiyo kinu. Wapo wafugaji wa sungura wa nyama wanaoyakausha majani hayo juani kwanza ili kupunguza sumu. Kwa sungura wa nyumbani, mwenye matembele bure nje ya mlango, hatuoni sababu ya kuijaribu hatari hiyo.

Parachichi: tunda, ganda, kokwa na jani. Lina sumu inayoitwa pasini, nayo hushambulia misuli ya moyo. Yanaposhuka mengi kutoka Lushoto na bei ikaanguka, watu huona vibaya kutupa maganda, wakayapeleka bandani. Tupeni. Vitunguu vya aina zote, vya maji, saumu, liki na majani yake, huvunja chembe nyekundu za damu, na madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya bilinganya, pamoja na kiazi chenye ukijani au kilichochipua, yote yana sumu za jamii moja. Mnavu tunauweka humohumo, kwa kuwa nasi huula baada ya kuupika. Maharage makavu mabichi yana sumu inayoharibu ukuta wa utumbo, na kuyaloweka hakuiondoi.

Kisha angalieni uani. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, mbegu zake ni miongoni mwa sumu kali sana zinazoota bila kupandwa. Mbono kaburi na mnyaa, vinavyopandwa kuwa ua, vina utomvu unaounguza. Ukimwachia sungura atembee uani, zunguka kwanza wewe.

Na makombo ya mezani: ugali, wali, chapati, mkate, pumba za mahindi. Vyote hivi ni wanga, na tumeshaeleza wanga hufanya nini kule nyuma. Machicha ya nazi, ambayo katika nyumba za Pwani hayakosekani, tunajua yanaenda kwa kuku, basi yaendelee kwenda kwa kuku. Yana mafuta mengi, na huchacha ndani ya saa chache.

Tukishapata mboga inayofaa, kazi haijaisha. Fungu la mchicha unalonunua limefungwa kwa ukindu au uzi wa mgomba, limenyunyiziwa maji mara kadhaa tangu alfajiri ili lisinyauke, na hujui maji hayo yalitoka wapi. Likate kamba, litawanye, toa majani ya manjano, yenye utelezi au madoa meusi. Weka maji kwenye beseni, tumbukiza majani, yatikise kwa mkono muda wa nusu dakika, yainue (usimwage maji yakiwa ndani, mchanga utarudi juu ya majani), badilisha maji. Fanya hivyo mara 3, au zaidi mpaka mchanga usionekane chini. Sabuni isitumike. Kung'uta, tandaza kwenye ungo dakika 30.

Dawa za wadudu zina mambo mawili. Nyingine hukaa juu ya jani, na hizo kuosha hupunguza. Nyingine huingia ndani ya mmea, na hizo hata ukiosha mara kumi hazitoki. Hupungua kwa siku kupita tu. Kila kibandiko cha dawa hueleza siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Muulize muuzaji kwa upole kama anajua shamba lilipuliziwa lini, na kama hajui, mpe sungura matembele yako ya nyuma ya nyumba. Usikate nyasi kando ya barabara, wala kwenye uwanja ambao mbwa hulala. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya tegu yanayomwingia sungura kupitia nyasi.

Kuna imani iliyoenea kwamba mboga yenye maji huua sungura. Tunaiheshimu imani hiyo, maana waliyoyaona waliyaona kweli, ila chanzo hakikuwa maji. Majani mabichi yenyewe sehemu yake kubwa ni maji. Kilichowaua ni mojawapo ya haya: majani yalikuwa mengi kuliko nyasi, au yalichukuliwa asubuhi na umande kutoka mahali penye vimelea, au yalirundikwa. Jambo hili la kurundika tulikazie. Mafungu matano ya majani mabichi yakifungiwa kwenye mfuko au yakirundikwa kwenye ndoo, kwa joto letu, huanza kuchacha ndani ya saa chache. Kabla hujalisha, ingiza mkono katikati ya lundo. Ukihisi vuguvugu, hata kama majani bado yanaonekana mabichi, usimpe sungura. Peleka kwenye shimo la mboji. Mboga ya kesho ifungwe kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, iwekwe penye ubaridi, itumike ndani ya siku 2.

Hofu ya maji imezaa kosa jingine, la kumnyima sungura maji ya kunywa kwa kudhani majani yanamtosha. Anahitaji kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na miezi ya joto yuko upande wa juu. Sungura wa kilo 2 awe na mililita 300 mbele yake wakati wote, kwenye bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua.

Majani yasimwagwe sakafuni. Yatundikeni kwa kamba ya mkonge iliyofungwa nje ya wavu, au wekeni kihori. Sababu yake ni koksidia, vimelea wanaotoka kwenye kinyesi chake na kuwa tayari kuambukiza baada ya siku moja au zaidi kwenye joto na unyevu, hali ambayo Tanga inayo mwaka mzima. Jani lililokanyagwa juu ya kinyesi cha juzi ndilo linalobeba ugonjwa. Mabaki ya mboga yaondolewe baada ya saa 2.

Tumalizie na kinyesi, ambacho kwa mfugaji wa sungura ndicho barua ya kila asubuhi. Kikavu, cha mviringo, kingi, chenye nyuzi ukikipasua: endelea. Kidogo kidogo na kigumu: nyasi au maji vimepungua. Vibonge laini vya usiku vikibaki sakafuni au vikiganda kwenye manyoya ya nyuma, ameshiba kupita kiasi, mara nyingi kwa peleti, matunda au mboga nono. Simamisha hivyo vyote, abaki na nyasi na maji kwa siku 2, kisha urudi taratibu kuanzia jani moja. Kuharisha maji maji ni dharura, hasa kwa mtoto.

Na iliyo mbaya kuliko zote ni kukosa kinyesi. Sungura aliyepitisha muda wa saa 12 bila kula na bila kunya yuko hatarini hata kama ametulia. Mtamwona amejikunyata, anasaga meno kwa sauti, masikio ya baridi, tumbo limekaza kama ngoma. Usisubiri kesho. Mweke mahali penye joto la wastani na pakavu, nyasi na maji viwe mbele yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Msimshindilie chakula kwa nguvu kabla tumbo halijapapaswa na anayejua, kwa sababu likiwa limejaa gesi utampasua. Wala msimfunge njaa siku nzima "ili tumbo lipumzike". Tumbo la sungura likipumzika ndilo linalomuua.

Neno moja kuhusu dawa, tafadhali mlibebe hadi nyumbani kwa jirani. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kunywa, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, dawa ambazo kwa binadamu zinaokoa, kwa sungura huua. Huwafyeka bakteria wema wa ule mfuko wa nyuma, wakabaki waharibifu, na mnyama hufa kwa kuharisha siku chache baadaye. Nusu ya kidonge cha mtoto kilichobaki kabatini kinatosha. Ukifika kwa daktari, taja wazi kwamba mgonjwa ni sungura kabla hajafungua dawa, na mwambie alikula nini siku 3 zilizopita, kwa jina na kwa kiasi. Anayeandika kwenye daftari anachomlisha ataweza kujibu.

Tumeweka meza hapa pembeni. Waliokuja na majani wasiyoyajua wayalete sasa, tuyaangalie jani kwa jani, moja moja. Mwenye kisamvu au mbarika kwenye fungu lake auweke upande wa kushoto, usichanganyike na mengine, na watoto wanawe mikono kwenye lile beseni kabla ya kuwashika sungura wao.